Nyota zinapogeuka punje za mchele: kutafuta chanzo cha uelekezi mbovu ukipigia picha Nairobi

Umepiga picha yako ya kwanza ya dakika tatu, umeikuza kwenye laptopu, na mahali pa nukta unaona punje za mchele. Kamera ya uelekezi ilikuwa imewashwa, PHD2, programu ya uelekezi, ilikuwa inachora grafu yake, na kila kitu kilionekana kiko sawa. Kabla hujaanza kugusagusa namba za programu, ziache kwanza. Miezi mitatu mfululizo nilidhani uelekezi ni dawa ya kila ugonjwa. Uelekezi husahihisha makosa madogo ya maunti iliyosimikwa vizuri. Iliyosimikwa vibaya huifunika aibu kwa muda tu, na hapa Nairobi kusimika vibaya ni jambo rahisi mno.

Tuelewane maneno. Maunti ni kile kichwa chenye mota kinachobeba darubini na kuizungusha ifuate anga. Mhimili wa RA hufuata nyota kutoka mashariki kwenda magharibi, na wa Dec hupeleka kaskazini na kusini. Pembeni mwa darubini kubwa hukaa ndogo yenye kamera yake, inayokodolea nyota na kuiambia maunti kila baada ya sekunde chache: umeteleza, rudi kidogo. Wenzangu wengi huiita "gaidi". Mimi neno hilo niliacha kulitumia usiku ambao askari wa ploti alipanda juu ya paa kuona ni taa gani nyekundu inayotembea gizani.

"Kijana, unafanya nini hapa?"

"Napiga picha nyota, mzee. Nangoja gaidi ishike."

"Unangoja nani?"

Ilibidi nimtolee chai, niweke lenzi ya jicho na kumwonyesha pete za Zohali ndipo akashusha rungu. Tangu siku hiyo nasema kamera ya uelekezi.

Umbo la nyota ndilo shahidi wa kwanza

Piga picha mbili uelekezi ukiwa umewashwa, moja ya sekunde 30 na nyingine ya dakika tatu. Kuza katikati, kisha pembe zote nne.

Kama nyota zote zimerefuka kuelekea upande mmoja, katikati na pembeni kwa kiasi kilekile, uko mahali pake: ni ufuatiliaji au uelekezi. Kama za katikati ni duara safi na za pembeni zimevutwa kana kwamba zinakimbia kutoka katikati, uelekezi hauhusiki kabisa. Huo ni umbali kati ya kihisi cha kamera na ile lenzi ya kusawazisha uwanja. Nyingi zinataka milimita 55, na milimita moja ya ziada au ya upungufu inatosha kukuonyesha. Nyota zilizochora vitao kuzunguka sehemu moja ya picha zinakwambia uwanja unazunguka, yaani mhimili wa RA hauelekei ncha ya anga, ile nukta ambayo anga lote linaonekana kuizunguka. Mandazi yenye tundu katikati ni fokasi. Mapacha, kila nyota na mwenzake kwa umbali uleule, ni mtikisiko au mruko mmoja: kuna kitu kiligongwa, waya ulinasa, au upepo ulipita.

Na kama hata ile ya sekunde 30 ina michirizi, funga PHD2. Tatizo liko chini zaidi.

Dec inasukumwa upande mmoja usiku kucha

Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani nusu ya matatizo ya watu wa huku yanatoka hapa.

Dalili ni hii: ukitazama grafu, marekebisho yote ya Dec ni ya upande mmoja. Yote ya kaskazini, au yote ya kusini, saa nzima. Picha ina vitao pembeni, hasa ukizidisha dakika tano.

Chanzo ni mahali tunapoishi. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Urefu wa ncha ya anga juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako, kwa hiyo ncha ya kusini kwetu iko juu ya upeo kwa digrii 1.3 tu, nyuma ya maghorofa, vumbi na taa za barabarani. Ya kaskazini imezama chini ya upeo kiasi hichohicho. Sasa fungua video yoyote ya mafunzo: dakika ya kwanza utaambiwa utafute Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini. Polaris ya nani? Kwetu haionekani. Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo watu wa Australia huitumia badala yake, sijawahi kuipata hata nikiwa Magadi kwenye giza zuri, kwa sababu imelala palepale kwenye ukungu wa upeo. Ile darubini ya ncha iliyomo ndani ya maunti yako ni pambo. Programu yoyote inayokutaka upige picha eneo la ncha yenyewe nayo iweke kando.

Halafu kuna chuma. Maunti nyingi zilibuniwa zikiwafikiria watu wa Ulaya na Marekani, na skrubu ya latitudo hugota kabla haijafika digrii moja. Tazama kipimo kilichochorwa ubavuni. Kama yako inagota kwenye 10, umebaki na digrii karibu 9 ambazo hakuna skrubu itakayokupa. Ukilazimisha utaikunja, na skrubu iliyokunjwa mtu huijutia.

Inamisha stendi nzima. Geuza miguu ili miwili iwe upande wa kusini na mmoja kaskazini, kisha fupisha ile ya kusini. Kwa miguu iliyopanuka mita moja kutoka kaskazini hadi kusini, digrii 9 ni kama sentimita 16. Stendi iliyoinama haiharibu ufuatiliaji hata kidogo, mradi mhimili wa RA uelekee kwenye ncha. Kuipima kwa pima-maji ni kwa urahisi wako wa kurekebisha tu. Miguu miwili ikikaa kusini, fimbo ya uzani inapata nafasi ya kupita katikati yao. Mhimili ukiwa umelala hivi, fimbo hiyo huning'inia karibu kabisa na miguu, na yangu iligonga mguu mara mbili kabla sijaelewa kwa nini RA ilikuwa inakwama saa ileile kila usiku. Uzito wote sasa unaegemea kusini, kwa hiyo funga mfuko wa mchanga kwenye mguu wa kaskazini. Usiseme hukuambiwa.

Kupata kusini chenyewe, usiamini dira ukiwa juu ya zege. Nondo zilizomo ndani, matangi na nguzo za kamba za nguo huivuta inavyotaka. Mimi nilitumia jua. Stellarium, programu ya ramani ya anga, itakwambia dakika ambayo jua linavuka meridiani (mstari wa angani kutoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini), ambayo kwa Nairobi huwa karibu na saa sita na nusu mchana, ikicheza dakika kadhaa kwa majira. Simamisha mti ulionyooka wima, na dakika hiyo kivuli chake kinalala sawasawa kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Juni na Desemba ndiyo miezi mizuri; Machi na Septemba jua liko utosini na kivuli ni kifupi hakina faida. Nilipaka mstari wa rangi nyeupe kwenye zege, na keyateka hadi leo anadhani ni alama ya fundi wa mabomba.

Hapo utakuwa umekosea kwa digrii moja au mbili. Kinachobaki ni njia ya kuteleza, na kwa hili ikweta inatulipa fidia. Kwingineko ikweta ya anga, mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya dunia, imeinama na mtu lazima aitafute. Kwetu inapanda moja kwa moja kutoka mashariki, inapita karibu na utosi, inashuka magharibi. Alnilam, nyota ya katikati kwenye mkanda wa Orion, ina Dec (umbali wake kutoka ikweta ya anga) ya digrii −1 na dakika 12, hivyo hupita karibu kabisa juu ya utosi wako. Katikati ya Januari inapita pale kama saa nne na nusu usiku.

Fungua kifaa cha kuteleza kilichomo ndani ya PHD2. Anza na nyota iliyo karibu na utosi na meridiani. Acha mstari wa Dec uchore mteremko wake dakika chache, kisha geuza boliti za azimuthi, zile zinazoisogeza maunti kushoto na kulia, kidogo na utazame tena. Mteremko ukizidi, umegeuza upande usio sahihi, basi. Huna haja ya kukariri kanuni za kusini na kaskazini zinazowachanganya watu. Mstari ukilala, hamia nyota iliyo mashariki au magharibi, digrii kama 30 juu ya upeo, na sasa gusa skrubu ya latitudo peke yake. Rudi utosini uhakikishe. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili. Sasa ni dakika 25. Mwenye NINA, programu ya kuendesha kamera na maunti, anaweza kutumia kiongezi chake cha nukta tatu, ambacho hupiga picha sehemu tatu za anga na kukokotoa kosa bila kuiona ncha. Kiambie kianzie pale darubini ilipoelekea.

Kwa nini kuhangaika hivi? Kosa la dakika moja ya pembe (digrii moja ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60) kwenye mhimili huweza kuteleza nyota kwa takriban robo ya sekunde ya pembe kila dakika ya muda. Ukikosea kwa nusu digrii, huo ni mtelezo wa karibu sekunde 8 za pembe kila dakika, na kwa picha ya dakika tatu ni 24. Kwa lenzi ya milimita 400 na kamera yenye pikseli za maikromita 4.3, hizo ni pikseli 10 na ushei. Uelekezi utaziondoa kwa ile nyota unayoilenga. Mzunguko wa uwanja hautauondoa. Ukifika chini ya dakika 5 za pembe, acha, upige picha.

Nyota inatoroka sekunde chache baada ya kuwasha

Umechagua nyota, na kabla hujabonyeza chochote imeshatoka kwenye kisanduku. Angalia kwanza kama ufuatiliaji umewashwa. Usicheke, wengi tumekesha kwa hilo.

Kama umewashwa, nenda kwenye latitudo uliyoingiza kwenye rimoti ya maunti. Nairobi ni 1°17' S na 36°49' E. Ukiacha N mahali pa S, maunti inaamini iko kaskazini na inazungusha RA kinyume. Anga linakwenda sekunde 15 za pembe kila sekunde, na maunti inakwenda kasi hiyohiyo kurudi nyuma, kwa hiyo nyota inakimbia kwa 30. Alama ya kosa hili ni kwamba michirizi ya picha ni mirefu maradufu kuliko ukizima mota kabisa. Jaribio la dakika moja, na umemaliza ubishi. Kwa mtu wa London kosa hilo lingemrusha mbali kabisa na akaliona mara moja. Kwetu, digrii 1.3 tu upande wowote wa ikweta, maunti inaelekea karibu mahali palepale na kosa linajificha.

La saa ni la kwetu kabisa. Rafiki yangu alinipigia simu kutoka Rongai: amemwambia maunti iende Orion, nayo imeinamia tangi la maji. Nilimuuliza ameingiza saa ngapi. "Saa mbili usiku," akasema, na kweli alikuwa ameandika 02:00. Rimoti inataka 20:00, na eneo la saa +3, na mara nyingi inataka mwezi utangulie siku. Kosa la saa haliharibu ufuatiliaji, linaharibu kutafuta tu, lakini mtu akiliunganisha na la S na N anaweza kuuza vifaa vyake asubuhi.

Kalibresheni inagoma

PHD2 huisukuma nyota magharibi, ikairudisha mashariki, kisha kaskazini na kusini, ili ijifunze maunti inaitikiaje. Ikikwambia nyota haikusogea vya kutosha, anza na waya. Nilinunua waya wa simu Luthuli Avenue kwa sababu kichwa chake kiliingia vizuri kwenye tundu la ST-4, lile la maunti linalopokea amri za uelekezi. Ndani yake mlikuwa na nyaya nne. Tundu hilo ni la nyaya sita, na mojawapo ya zilizokosekana ndiyo iliyobeba mwelekeo mmoja wa RA. Nyota ilikwenda, haikurudi. Nililaumu programu wiki nzima, nikabadilisha dreva, nikaweka upya Windows, kwa waya wa shilingi mia. Kama maunti yako inakubali kuunganishwa na kompyuta moja kwa moja kwa kebo yake, achana na ST-4.

Kisha hakikisha urefu wa fokasi ulioandika ni wa darubini ndogo. Kipimo cha pikseli hupatikana kwa kuzidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, kisha kugawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli ya 3.75 kwenye darubini ya milimita 120 inakupa sekunde 6.4 za pembe. Ukiandika 400 ya darubini kubwa, programu inakokotoa hatua zisizo zake.

RA ikienda sawa na Dec ikasita kwanza, huo ni ulegevu wa gia: mota inazunguka, meno hayajagusana. Sukuma Dec kaskazini kwa rimoti sekunde kadhaa kabla ya kuanza, na uangalie kama umekaza klachi.

Na ifanyie karibu na ikweta ya anga, karibu na meridiani, yaani utosini kwetu. Wengi huifanyia palepale kwenye kitu wanachotaka kupiga. Ukiwa kwenye nebula (wingu la gesi) ya Eta Carinae, Dec ya karibu −60, mwendo wa RA unaonekana nusu tu ya ulivyo, na nebula yenyewe hata ikiwa juu kabisa kwetu haizidi digrii 32 juu ya upeo, kwenye hewa inayochemka. Fanya kalibresheni juu, kisha ndiyo ushuke. Maunti ikiwa imeunganishwa na kompyuta, PHD2 itajua iko Dec gani na kujirekebisha yenyewe.

Grafu imenyooka kama rula, picha ni aibu

Ukiona uelekezi wa sekunde 0.1 ya pembe kutoka kwenye paa la Nairobi, usifurahi. Nilifurahi. Nilipiga picha ya skrini nikawatumia wenzangu, na wa kwanza kujibu akaniambia nifunike darubini ndogo. Niliifunika kwa kofia yangu. Grafu haikushtuka. "Nyota" ilibaki palepale, iking'aa kisandukuni, huku mbele ya lenzi mna kofia.

Ilikuwa pikseli moto: nukta mbovu kwenye kihisi cha kamera inayowaka muda wote. Haisogei, kwa hiyo programu haisahihishi chochote, na grafu inapendeza. Tazama dirisha la umbo la nyota. Nyota halisi ina kilima chenye mabega. Pikseli moto ni msumari. Dawa ni kutengeneza maktaba ya picha za giza ndani ya PHD2, au ramani ya pikseli mbovu, na kuitumia kila usiku. Weka fokasi ya darubini ndogo vizuri pia, maana nyota kali mno ya nukta moja nayo hufanana na msumari.

Kama umefunika na nyota ikapotea inavyotakiwa, lakini picha bado imevutika polepole upande mmoja, basi darubini mbili haziangalii pamoja. Ndogo inainama kidogo kadiri uzito unavyohama, na kamera ya uelekezi haiwezi kuliona hilo. Shika darubini ndogo kwa vidole uitikise. Ikicheza hata unywele, umepata. Zile pete zenye skrubu sita za plastiki zinazoizunguka ndizo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote. Badilisha kwa pete za chuma zinazobana kabisa. Kaza fokasi yake. Waya wa kamera uufunge kwenye mwili wa darubini usivute.

Namna ya kuthibitisha: piga picha kumi za dakika mbili, zipange kwa mfululizo uzitazame kama filamu. Nyota zikihama polepole kila picha, kwa kiasi kilekile, wakati grafu imetulia, kesi imekwisha.

RA inapanda na kushuka

Kuna kupanda na kushuka kwa aina mbili, na tiba zake zinapingana.

Ya kwanza ni wimbi pana, linalojirudia baada ya dakika kadhaa. Hilo ni kosa la mzunguko wa gia ya minyoo. Igawanye siku ya nyota, sekunde 86,164, kwa idadi ya meno ya gurudumu lako: meno 135 yanakupa sekunde 638, meno 144 yanakupa 598, meno 180 yanakupa 479. Wimbi lako likilingana na namba ya gia yako, hakuna kilichoharibika. Maunti ndivyo ilivyo, na uelekezi uliundwa kwa ajili hiyo. Ongeza ukali wa RA, yaani nguvu ya kila sahihisho, kidogo au punguza muda wa kila picha ya uelekezi.

Ya pili ni meno ya msumeno: kushoto, kulia, kushoto, kila picha. Hapo programu inafukuza mtetemo wa hewa. Nyota imeonekana kuhama kwa sababu hewa ilitikisika, maunti ikaifuata, hewa ikatulia, maunti ikarudi. Hapa punguza ukali, ongeza mwendo wa chini kabisa unaostahili kusahihishwa, na tumia picha za sekunde 2 hadi 3. Anayetumia nusu sekunde anajitafutia. Endesha msaidizi wa uelekezi wa PHD2 dakika kadhaa bila kusahihisha. Atakupimia hewa na kukupendekezea namba, na mara nyingi ni nzuri kuliko za kubahatisha.

Hewa ya Nairobi mapema usiku ni mbaya hasa juu ya paa. Zege na mabati ya jirani vimekula jua mchana kutwa na sasa vinalitema. Kabla ya saa tatu sipimi chochote.

Usawazishe mizani pia, lakini usiifanye kamili. Uache upande wa mashariki uwe mzito kidogo ili meno ya gia yabaki yamegusana. Mizani kamili huiacha RA ikielea.

Mruko wa ghafla

Grafu tulivu, kisha mwiba mmoja, kisha utulivu. Tafuta waya ulionasa kabla ya kitu kingine. Nimewahi kukuta kebo ya USB imeshikwa na kibanio cha nguo cha jirani wa ghorofa ya tatu. Juu ya paa kuna pia pampu ya maji inayojiwasha, watu wanaopanda kuanua nguo, na upepo. Ukitembea karibu na miguu ya stendi, utajiona kwenye grafu.

Miiba ikija pamoja na maunti kunguruma au kusita, pima betri mota zikiwa zinazunguka. Betri ya volti 12 iliyochoka husoma vizuri ikiwa imepumzika, ikishuka chini ya 11 ukiipa kazi. Waya mwembamba na mrefu hufanya vivyo hivyo. Situmii stima moja kwa moja kwa sababu ikikatika napoteza usiku wote. Nikiwa na betri, kukatika huko ni sherehe: mtaa mzima unazima taa, na nikiwa juu na Kilimia au Orion, napata nusu saa ya anga nisiyoilipia.

Baada ya kuvuka meridiani

Kila kitu kilikuwa kizuri, darubini ikageuka kwenda upande wa pili wa maunti, na sasa Dec inakimbia bila breki, kila sahihisho likizidisha kosa. Mwelekeo wa Dec umebadilika na programu haijui. Ikiwa unatumia ST-4 peke yake, PHD2 haina namna ya kujua, kwa hiyo mwambie ageuze data za kalibresheni au fanya kalibresheni upya. Ikiwa umeunganisha maunti na bado inakimbia, badilisha ile alama ya kugeuza Dec baada ya meridiani kwenye mipangilio: ikiwa imewekwa iondoe, ikiwa haipo iweke. Jaribu mapema, si saa nane usiku. Kwetu vitu vingi hupita karibu na utosi, na hapo sehemu ya nyuma ya kamera huteremka karibu na miguu ya stendi. Simama pale ukiangalia mgeuko wa kwanza.

Mambo madogo

Nyota zote zikififia taratibu na kiwango cha ishara kikishuka, gusa kioo cha mbele pembeni kwa kidole: umande. Ukanda wa joto wa volti 12 unatosha. Darubini ndogo nayo inahitaji wake, wengi huisahau.

Ndege za kwenda JKIA na Wilson zitakukatia picha. Usizifute. Ukiwa na picha 20 au zaidi, programu ya kuunganisha picha itatupa mchirizi huo yenyewe ukichagua njia ya kukataa pikseli zilizopotoka. Za kufuta ni zile za punje za mchele.

Kwa kufanyia mazoezi chagua kitu chenye nyota kali utakachokiona hata kwenye mwanga wa mji. Kilimia ndicho changu. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa mpiga picha wa hapa ratiba ni ya namna hiyohiyo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi. Juni hadi Agosti wingu hulala juu ya mji wiki nzima. Usiku kama huo, baridi ikiwa karibu na ile ya usiku wa kazi, ndio ninaofunika darubini ndogo, naiweka barazani na kutengeneza ile maktaba ya giza: picha za sekunde 1 hadi 4, dakika kumi na kitu hivi, kisha nakwenda kulala.